Kikuku cha Mtani

Asubuhi ile Nyabise Magesa alimfuta babu yake duniani, na kichocho kikaisha. Akamrudisha, kichocho kikarudi. Akamfuta tena, akasubiri miaka mitano ipite mbele yake kwa muda wa kupuliza chai ya moto, na kisiwa kikabaki kisafi kama sahani iliyorambwa na paka.

Dunia hiyo haikuwa hii tunayoikanyaga. Ilikuwa juu ya meza ya mwanga katika kituo cha utafiti cha Kasharazi: kisiwa kizima na miamba yake, visima vyake na mialo yake ya kuegesha mitumbwi, kimepunguzwa hadi kikatosha mezani. Walikiita Pacha. Kila mkazi wa Kasharazi alikuwa na mwenzake humo, nukta ndogo ya mwanga iliyoamka alipoamka na kwenda kisimani alipokwenda, maana kila mtu alivaa mkononi kikuku chepesi cha chuma kilichojua mambo mawili tu: mvaaji yuko wapi, na amelowa au yu mkavu. Chini ya kila mwalo kulitegwa kifaa cha kuonja maji na kubashiri konokono walivyo wengi. Mengine yote Pacha aliyapata kwa hesabu.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Kichocho ni ugonjwa wa mzunguko. Mgonjwa hujisaidia karibu na maji, mayai huanguliwa, vijidudu humwingia konokono. Baada ya majuma kadhaa konokono huwatapika wakiwa wengi na wabaya zaidi, nao hutoboa ngozi ya yeyote aliyetia mguu ziwani. Anayetaka kuujua mwendo wa ugonjwa huuliza swali moja: mgonjwa mmoja anazaa wagonjwa wangapi? Wakizidi mmoja, ugonjwa unakua. Wakiwa chini ya mmoja, unakufa wenyewe polepole, hata kama hukumponya kila mtu. Kasharazi ilikuwa imeshuka chini ya mmoja zamani, watoto wakaanza kukua na matumbo bapa, na watu wa kituo wakaanza kusahau kuogopa. Kisha, pasipo sababu, wagonjwa wakaongezeka ghafla. Wakapungua, wakaongezeka tena. Na kila walipoongezeka, Pacha alirudi nyuma kwa hesabu zake kumtafuta aliyekuwa majini, akamkuta mtu mmoja tu.

"Mafuru Bwire," alisema Daktari Mmari nyuma yake.

Elinami Mmari alikuwa mkuu wa kituo, Mpare wa milimani, mtu mpole ambaye akigonga kiti hukiomba radhi. Nyabise angependa sana kumchukia siku hiyo, lakini hakupata pa kuanzia.

"Choo chake kimepimwa tena na tena," alisema. "Hakina yai hata moja."

"Pacha anasema mayai yakiwa machache hujificha."

"Pacha anasema."

"Ana uhakika wa tisini na saba kwa mia, Nyabise. Kanuni inataka tisini na tano."

Alimaanisha Kanuni ya Mzizi. Mtu aliyetajwa na hesabu kuwa ndiye mzizi wa ugonjwa alipelekwa Makao ya Bara, mbali na ziwa lolote, akalishwa vizuri na kutunzwa vizuri mpaka konokono wa kwao waishe. Konokono walikuwa hawajaisha popote. Hivyo hakuna aliyekuwa amerudi.

"Boti inakuja Ijumaa," Mmari aliendelea, akitazama viatu vyake. "Sahihi inayotakiwa ni ya mwanahisabati wa kituo. Nikiwaandikia kwamba ni babu yako, watamleta mwingine asaini."

"Na huyo mwingine atasaini."

"Atasaini. Yeye hana babu hapa."

*

"Hodi."

"Kama umekuja mikono mitupu, sipo."

"Nimeleta sukari."

"Karibu mke wangu. Nilikuwa nakuwaza wewe peke yako."

Mafuru alikuwa jikoni akisonga ugali wa muhogo, amejifunga kanga ya marehemu bibi kiunoni bila haya yoyote. Huyu, babu yake wa upande wa mama, ndiye aliyemlea Nyabise baada ya baba yake kufa na mama yake kwenda kutafuta kazi bara. Alimlea kwa kumtania, na mtoto akakua akidhani ndivyo watu wote wanavyopendana. Alipopata nafasi ya kusoma mbali, mzee alimsindikiza mpaka gatini akimwimbia wimbo wa kumkejeli kwa ujinga wake, kisha akageuka haraka asionekane uso.

Ukoo wa Mafuru ulitoka kisiwa jirani zamani sana, baada ya vita ambavyo kila upande unadai ulishinda. Tangu hapo wakawa watani wa wenyeji wa Kasharazi. Mtani ndiye anayechimba kaburi la mwenyeji, ndiye anayewachekesha wafiwa hata wakapata pumzi, ndiye anayemwigiza marehemu mbele ya jeneza lake na hakuna wa kumkaripia. Wenzake wote walikuwa wamehama au wamezikwa. Aliyebaki kuwazika watu wa kisiwa kizima ni yeye.

Walikaa chini, sahani ya furu wa kukaanga katikati yao. Nyabise alikata tonge, akalizungusha mkononi, akalirudisha.

"Ugali haufinyangwi kama chungu," Mafuru alisema. "Sema."

Akasema. Alimweleza yote, Pacha, kanuni na boti ya Ijumaa. Mafuru alisikiliza akitoa miiba ya samaki na kuipanga ukingoni mwa sahani.

"Mimi," alisema hatimaye. "Mimi ninayeoga kwa ndoo kama bwana harusi."

"Pacha anakuona, Babu. Unaingia ziwani kila matanga yanapoondolewa. Najua kwa nini." Sauti yake ililegea. "Nakumbuka baba alipokufa, watu wote waliingia majini kuoga msiba, wewe ukanimwagia maji usoni mpaka nikacheka. Najua ni mila. Lakini wenzako wameacha. Msiba ukitokea wanakaa nyumbani kwa wafiwa, wakavu, hata mmoja hagusi ziwa. Umebaki peke yako. Kwa nini wewe hukuacha?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyeambiwa kwamba jua limehamia jikoni. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Wameacha," alirudia akipangusa macho. "Nani kakuambia wameacha?"

"Pacha."

"Hukumuuliza mtu?"

Nyabise hakuwa amemuuliza mtu. Kule Kasharazi kuoga msiba hakusimuliwi. Watu huenda, huoga, hurudi, na neno haliwekwi. Kwa hiyo aliporudi kutoka masomoni alifanya kama wasomi wafanyavyo, misiba ikampita akiwa kituoni, akaisoma hesabu badala ya kumuuliza jirani. Alipoona nukta zote zimetulia nyumbani siku za misiba, aliandika kwa fahari kwamba wananchi wa kisiwa chake wameiacha mila ile kwa elimu ya afya. Wakubwa walimpongeza.

Mafuru alifungua kinywa kumjibu, na hapo hapo kilio kikasikika kutoka bondeni, kikaanza kwa mwanamke mmoja na kushikwa na wengine. Wote wawili walitega masikio wajue kinatoka nyumba gani.

"Masatu," Mafuru alisema. "Ameondoka mwalimu wangu." Alisimama, akafungua kanga kiunoni, akaikunja vizuri. Kwa kitambo kifupi alikuwa mzee tu aliyefiwa na rafiki. Kisha akavuta pumzi, akachukua jembe. "Kula ushibe. Nina kaburi la kuchimba."

*

Mazishi yalikuwa kesho yake mchana. Mlangoni pa ua wa marehemu alisimama mkwe wa nyumba, mwanamke mnene mwenye macho mekundu, ameshika beseni la bluu.

"Pambo, dada."

Nyabise alivua hereni akazitia.

"Na hicho."

"Hiki si pambo. Ni kipimo."

"Kinang'aa?"

"Kinang'aa."

"Basi ni pambo. Mfiwa havai pambo."

Nyabise alichungulia ndani ya beseni. Vilikuwamo hereni na saa chache, na chini yake vikuku, vikuku vya kijiji kizima, vimelaliana vikavu. Akili yake ilikwenda mezani kituoni. Wakati ule ule Pacha alikuwa akiona watu wote wa Kasharazi wamekaa pamoja nyumbani kwa marehemu, wametulia, hakuna anayenyanyuka hata kwenda haja.

"Mnavichukua lini?" aliuliza.

"Tukishaoga, siku ya kuondoa matanga. Keshokutwa."

"Mnaoga wapi?"

Mwanamke alimtazama kwa huruma iliyochanganyika na dharau kidogo. "Baba yako alipokufa, wewe ulioga wapi?"

Nyuma yake kikatokea kicheko. Mafuru alikuwa anaingia, udongo wa kaburi ukiwa bado magotini, amevaa tai mgongoni badala ya kifuani. Alikuwa ameweka mikono nyuma na kutembea taratibu kama marehemu, aliyekuwa mwalimu mkuu, akiwasimamisha waombolezaji kukagua kucha zao. "Chafu. Rudi nyumbani umwambie mzazi aje." Mwanamke aliyekuwa akilia kwa kwikwi alikosea pumzi akacheka, kisha akalia vizuri zaidi. Mkononi mwa Mafuru kikuku kilikuwa kinamemeta. Alikuwa amekisugua kwa majivu.

Mkwe wa nyumba hakumpelekea beseni. Mtani hafiwi, ndiyo maana ana haki ya kucheka. Na asiyefiwa havui pambo.

Nyabise aliona jambo lote kwa mara moja, akahisi furaha kifuani kama maji ya baridi. Mzee hakuwa peke yake ziwani. Kisiwa kizima kilikuwa kinaingia majini pamoja naye, isipokuwa yeye ndiye pekee aliyeingia amevaa kikuku. Msiba hujaza watu siku tatu, choo cha nyumba hakitoshi, na nyuma ya miamba ya mwalo hakukosekani wa kujisitiri. Konokono hula karamu. Msiba unaofuata watu huoga katika maji yale yale, watoto mbele. Pacha alipotafuta aliyewaletea ugonjwa alikuta mtu mmoja aliyelowa, akamsingizia.

Lakini furaha ile haikufika jioni.

*

Alimpata babu yake nyuma ya jiko la msiba, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anakunywa uji. Mbali kidogo binti wa marehemu alikuwa anamkanda tumbo mtoto wake, Sayi, msichana mwembamba ambaye tumbo lake lilikuwa limetangulia mwili. Sayi alikuwa amenyweshwa dawa kila mwaka tangu aanze kutembea. Alipona kila mara, na kila mara ugonjwa ulirudi.

"Nimejua," Nyabise alimwambia babu yake kwa sauti ndogo. "Wewe huna kosa. Nitamwonyesha Pacha siku za kuoga msiba, na jina lako litatoka."

"Usimwonyeshe."

"Babu."

"Ukimwonyesha atafanya nini?"

Nyabise alijua. Mwalo ukitajwa na hesabu huzungushiwa waya, na kila mfiwa atafuatwa kwa kipimo mpaka ndani ya chumba cha kulilia.

"Mfiwa hahesabiwi," Mafuru alisema. "Hilo ulilijua kabla hujajua moja na moja. Watu hawa wamekubali kuhesabiwa wakilala, wakila, wakienda chooni. Wamekubali kwa ajili ya watoto, nami nawasifu. Wamebakiza hapa tu. Ukiwaingilia hapa, mke wangu, hutakuwa na pa kulilia hata wewe."

"Basi nikuache uchukuliwe?"

"Niache niende. Jeneza tunabeba sisi watani, matusi tunabeba sisi. Na hili ni jeneza." Alijaribu kutabasamu. "Huko Makao ya Bara nasikia kuna nyama kila siku."

"Huko utamtania nani?"

Tabasamu lilimtoka. Akaweka uji wake chini. Nyabise alitamani arudishe neno lile kinywani, kwa sababu alimpenda mzee huyu kuliko hesabu zote zilizopata kuandikwa, na alikuwa amemchoma mahali asipokuwa na ngozi.

"Nisikilize," alisema, akakaa karibu yake hadi mabega yakagusana. "Hata ukienda, keshokutwa wataoga, na Sayi ataoga nao. Utakuwa umebeba jeneza ambalo ndani yake hamna mtu, na mtoto atabaki na tumbo lile. Wewe unataka hivyo?"

Mafuru alimtazama Sayi. Msichana alikuwa amefumba macho, mkono wa mama yake unazunguka juu ya tumbo.

"Nyegoro ndiye mwenye msiba," alisema. "Twende tukamuulize. Lakini utaongea wewe. Mimi ni mtu wa mzaha."

*

Mjane Nyegoro alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu imenyooshwa, kitambaa cheupe kichwani. Nyabise alipiga magoti, akampa pole, akaeleza. Hakutumia neno hata moja la kituoni. Alisema maji ya mwalo yanawaingiza watoto ugonjwa siku ya kuoga, na kwamba babu yake anachukuliwa kwa sababu hiyo, na kwamba hajamwambia mtu wa kituo wala hatamwambia mpaka yeye mama aseme.

"Unataka tusioge," Nyegoro alisema.

"Nataka muoge, Bibi."

"Bombani? Maji ya bomba hayamjui mume wangu. Yeye aliogelea hapo, alinitongozea hapo. Nitaoga ziwa, au nitabaki na msiba wangu."

Nyabise alifikiri. Alichojua kuhusu wadudu wale kilikuwa kingi, na karibu chote hakikuwa na faida kwa mjane. Akakumbuka kimoja. "Wakishatoka kwa konokono hawaishi sana. Wasipopata ngozi ya kuingia wanakufa. Maji yakichotwa leo, yakachujwa konokono asipite, yakakaa tu, kufika keshokutwa wote wamekufa. Ni yale yale maji ya ziwa. Ila yamekaa."

Nyegoro hakuonyesha kusikia. Waliokuwamo chumbani walitazamana. Ndipo Mafuru akajikohoza kwa kikohozi cha marehemu, kile alichokuwa akikitoa kabla ya kusoma majina darasani.

"Kwani maji ni nani?" aliuliza. "Wakwe wamekaa matanga. Majirani wenye mashamba yao wamekaa. Mimi mwenye njaa yangu nimekaa. Yeye maji anakuja siku ya mwisho, anatumwagikia, anaondoka zake, hata pole hajatoa. Aje leo na yeye akae matanga kama watu."

Mjane aliinamisha kichwa. Mabega yake yakatikisika, na watu wakadhani analia, mpaka alipoinua uso na kuonekana anacheka, mara ya kwanza tangu mume wake afe. Alicheka na machozi yakishuka, akajipangusa kwa kitambaa chake.

"Mafuru, wewe ni mshenzi," alisema. "Yachotwe. Lakini tuchote wenyewe, na yakae hapa ndani pamoja nami. Na asije mtu kuyapima."

"Hatakuja," Nyabise alisema. Alipotoka nje tu, akagundua alichokiahidi.

*

Siku ya pili alijifungia na Pacha. Mmari alikuwa bara akiifuata boti, na kituo kilikuwa kimya.

Alikuwa na njia mbili rahisi. Angeweza kumpa Pacha ukweli wote, akamwokoa babu yake kwa dakika moja na kuufunga mwalo kwa dakika ya pili. Au angeweza kudanganya, akaandika kwamba kikuku cha mzee ni kibovu, nayo mashine ikamtafuta mwingine wa kumpachika lawama. Wa kwanza kukaribia maji kwa bahati mbaya angeitwa mzizi.

Alichofanya hakikuwa na jina. Alitoboa shimo. Ndani ya hesabu ya Pacha, kila panapotokea msiba, aliingiza kiasi kisichojulikana. Si sifuri, kwa kuwa sifuri ni kusema hapana mtu. Aliandika kwamba saa hizo watu wapo, wanafanya yao, na sisi hatuna ruhusa ya kujua. Kisha akamwamuru Pacha akokotoe upya na kutojua huko akubebe mpaka mwisho, bila kukuziba kwa kubahatisha.

Pacha alichukua muda. Alipomaliza, kisiwa juu ya meza kilikuwa na kiza chembamba mahali pamoja, na uhakika juu ya Mafuru Bwire ulikuwa umeanguka hadi thelathini na moja. Uhakika juu ya kila kitu kingine ulianguka pia. Cheti cha kisiwa kisicho na kichocho, ambacho kituo kilikifukuzia miaka yote, kilikuwa kimeondoka pamoja nao. Nyabise alikaa akitazama kazi ya ujana wake ikiwa na tundu katikati, akalia kidogo, kisha akamwandikia Mmari: Sitasaini. Njoo uone mwenyewe.

*

Siku ya kuondoa matanga maji yalikuwa yamejaa chumba cha mjane, katika mitungi na madumu na sufuria za harusi, yamefunikwa kwa kanga. Nyegoro alikuwa amelala kati yake siku zote mbili. Watu walipoingia kutoa pole walimpa mkono mjane, kisha Mafuru akawalazimisha wayape pole na maji. Wengine waliona ni upuuzi, wakayapa pole hivyo hivyo.

Mmari alifika mchana, ametoka kituoni moja kwa moja. Nyabise alimkuta mlangoni pa ua.

"Nimeliona shimo," alisema. "Sina cha kumchukulia mzee. Lakini watakuita bara ujieleze, nami sitaweza kukukinga."

"Najua."

"Lina nini ndani, Nyabise? Niambie mimi tu."

"Lina watu. Nimeruhusiwa kusema hivyo basi."

Mmari alitaka kuuliza tena. Mkwe wa nyumba akamwekea beseni la bluu chini ya kidevu. "Pambo, daktari."

Aliangalia ndani ya beseni. Akatazama ng'ambo ya ua, Mafuru alipokuwa akipanga mitungi, kikuku mkononi kinamemeta. Akarudisha macho kwenye beseni. Nyabise aliona jinsi anavyojua, kama yeye alivyojua, jambo lote kwa mara moja. Mtu huyu angeweza kugeuka na kurudi botini, na jioni mwalo ungekuwa na waya.

Mmari alivua kikuku chake akakitia juu ya vingine.

"Mama yangu alizikwa mimi nikiwa hapa," alisema, bila kumtazama mtu. "Nilikuwa na konokono wa kuhesabu."

Mafuru alisikia. Alikuja na kata mkononi, akamzunguka Mpare yule akimkagua kama ng'ombe wa mnada. "Ulioga?"

"Bombani. Kazini."

"Vua viatu. Sijaona Mpare anayekataa maji ya bure." Watu wakacheka. Akamkalisha kwenye kigoda kando ya mjane, ambaye alikuwa tayari ameloa na kanga imemganda mwilini, na Sayi kando ya bibi yake, ameloa pia, anatetemeka na kucheka. "Alikuwa anakuambiaje, mama yako?"

"Hakuna cha maana," Mmari alisema. "Alikuwa anapiga simu kila Jumapili kuuliza kama nimekula."

Mafuru alichota. Alimmwagia taratibu kutoka utosini, maji yakashuka masikioni na ndani ya kola ya shati. Kisha akainama, na kwa sauti nyembamba ya mwanamke mzee ambaye hakupata kumwona, akauliza:

"Elinami, umekula?"

Mmari aliziba uso kwa mikono yote miwili.

"Nimekula, mama," alisema.

"Muongo," Mafuru alimjibu kwa sauti ile ile, akamchotea kata nyingine.